Data Zinatosha Lini? Jibu Lilitoka Beni na Butembo

Tarehe 9 Agosti 2019, kamati huru ya wataalamu iliwekewa mezani takwimu za wagonjwa 499 wa Ebola waliotibiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina, huko Kivu Kaskazini nchini Kongo. Dawa nne zilikuwa zikipimwa. Mpango ulikuwa kufikisha wagonjwa 725, na hadi siku hiyo 681 walikuwa wamekwisha kuingia katika jaribio. Kamati ilitakiwa kujibu swali moja: je, tulichokwisha kuona kinatosha kuamua, au tuwasubiri waliobaki? Ikajibu kwamba kinatosha. Dawa mbili zikasimamishwa, mbili zikaendelea kutolewa, na tarehe 12 Agosti habari zikaenea duniani kote kwamba Ebola imepata dawa.

Jaribio hilo liliitwa Pamoja Tulinde Maisha, kwa kifupi PALM. Liliongozwa na INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba iliyoko Kinshasa, kwa ushirikiano na taasisi za afya za Marekani, NIH. Madaktari wanalikumbuka kwa dawa zake. Mimi nataka tulikumbuke kwa jambo lingine: ndilo somo zuri kuliko yote niyajuayo juu ya namna ya kuamua kwamba data zimetosha, na limetoka katika mitaa yetu wenyewe.

Nalisema sasa kwa sababu swali lile lile limeingia katika simu zetu. Mfanyabiashara wa Butembo analipia matangazo mawili ya vitenge kwenye Facebook, moja likionyesha bei, jingine halionyeshi. Baada ya siku mbili tangazo lenye bei limemletea jumbe 30 kwenye WhatsApp, lisilo na bei 20. Papo hapo analizima la pili, fedha zote anazielekeza kwa la kwanza, na jioni anawaambia wenzake kwamba wateja wa Butembo wanapenda kuona bei. Huenda ni kweli. Lakini data alizo nazo haziwezi kumwambia hivyo, na nitaonyesha hesabu yake hapa chini. Tuanze kwanza na Ebola, maana huko ndiko makosa ya kuamua mapema, na ya kuchelewa kuamua, yalikuwa yakihesabiwa kwa makaburi.

Saba kati ya wanane

Mwaka 1995 Ebola iliingia Kikwit na kuua takriban watu wanane katika kila kumi walioambukizwa. Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake walichukua damu ya watu waliopona wakawatia wagonjwa wanane. Saba wakapona. Ukiweka takwimu hizo mbili bega kwa bega, vifo vinane katika kumi upande mmoja na kifo kimoja katika wanane upande wa pili, moyo unataka kusema kazi imekwisha.

Wataalamu wengi hawakukubali, na walikuwa na hoja. Wagonjwa wale wanane hawakuchaguliwa kwa kura, na wengine walipewa damu siku nyingi baada ya kuugua. Mgonjwa wa Ebola aliyefika siku ya kumi akiwa hai tayari ana nafasi kubwa ya kupona kuliko yule wa siku ya tatu, awe ametiwa damu au hakutiwa. Hapakuwa na kundi la pili, la wagonjwa wa aina ile ile, wakati ule ule, waliokosa damu hiyo.

Hata hivyo hesabu ile ya saba kati ya wanane haikuwa bure. Ilikuwa sababu nzuri kabisa ya kufanya jaribio. Damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit ndiyo iliyotoa kingamwili iliyotengenezewa dawa ya MAb114, mojawapo ya dawa mbili zilizoshinda Beni na Butembo miaka 24 baadaye. Hapo ndipo penye msingi wa hoja yangu yote: data chache zinakupa sababu ya kujaribu, hazikupi haki ya kuhukumu.

Afrika Magharibi ilitoa upande wa pili wa somo. Katika mlipuko mkubwa wa 2014 hadi 2016 dawa iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa ZMapp. Jaribio lilipangwa lichukue wagonjwa 200. Mlipuko ukafifia, wagonjwa wakakosekana, likafungwa na 72, na walioingia katika hesabu ya mwisho ni 71. Katika waliopata huduma ya kawaida peke yake walikufa 13 kati ya 35, yaani 37%. Katika walioongezewa ZMapp walikufa 8 kati ya 36, yaani 22%. Watafiti walikuwa wamejiwekea sharti kabla ya kuanza: tutasema ZMapp ni bora tukifikia uhakika wa 97.5%. Walifikia 91.2%. Wakaandika kwamba dawa inaonekana kusaidia, lakini sharti halikutimia.

Kuandika hivyo kulihitaji nidhamu. Dawa ilikuwa na sifa, dunia ilikuwa na hofu, tofauti ya 37 na 22 ilikuwa inashawishi, na hapakuwa na jaribio jingine la kutegemea. Wangeweza kulegeza sharti kidogo na watu wachache tu wangegundua. Hawakulegeza. Matokeo yake ZMapp ikaja Kivu Kaskazini kama dawa ya kulinganishiwa, bado ikipaswa kuthibitishwa. Tutaona ilichofanya.

Wagonjwa 15 wa kwanza

Mlipuko wa Kivu Kaskazini ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018. Miezi ya mwanzo madaktari walitumia dawa za majaribio kwa huruma: kila mgonjwa alipewa ile daktari aliyoona inamfaa, au ile iliyokuwapo. Wengi walipona, wengi walikufa, na hakuna aliyeweza kusema kama dawa ndiyo iliyoamua. Daktari anapochagua, humpa aliye hoi dawa anayoiamini zaidi, na kwa hiyo dawa inayoaminika hujikuta na wagonjwa wagumu. Tarehe 20 Novemba 2018 utaratibu ukabadilika. Kila mgonjwa aliyekubali kushiriki alipangiwa dawa kwa nasibu. Daktari hakuchagua, familia haikuchagua.

Zilianza dawa tatu: ZMapp, remdesivir na MAb114. Ya nne, REGN-EB3, iliongezwa baadaye. Watafiti wakakata shauri ambalo kila mwenye biashara angepaswa kulinakili: wagonjwa wa REGN-EB3 walilinganishwa tu na wagonjwa wa ZMapp walioingia tangu dawa hiyo ya nne ilipoanza kutolewa. Walioingia kabla hawakuhesabiwa katika ulinganisho huo, kwa sababu mlipuko wa Januari haukuwa ule wa Novemba. Vituo vilibadilika, barabara zilifungwa na kufunguliwa, na watu walifika hospitalini mapema zaidi au kwa kuchelewa zaidi kulingana na mapigano na uvumi wa wiki hiyo.

Sasa tazama kwa karibu takwimu mbili zilizochapishwa. Wagonjwa wote wa ZMapp walikuwa 169, wakafa 84. Wale wa kulinganishwa na REGN-EB3 walikuwa 154, wakafa 79. Toa moja kwa nyingine, utabaki na wagonjwa 15 wa mwanzo, waliokufa kati yao wakiwa 5. Ni theluthi moja, yaani 33%.

Kumbuka kiwango cha vifo cha dawa iliyoongoza mwishoni, REGN-EB3: 33.5%. Maana yake, mtu ambaye angefungua daftari la ZMapp baada ya wagonjwa wale 15 angekuta kiwango sawasawa na cha dawa bora kuliko zote. Angesema ripoti za Afrika Magharibi zimethibitika. Wagonjwa walipofika 169, kiwango kilikuwa 49.7%.

Hakuna aliyedanganya hapo. Ukirusha sarafu mara 15, kupata vichwa vitano au pungufu hutokea takriban mara 15 katika kila 100. Bahati ya namna hiyo si muujiza, ni jambo la kila wiki. Ndiyo maana kumi na tano haitoshi.

Kipimo cha 22

Kabla ya mgonjwa kupangiwa dawa, damu yake ilipimwa kwa mashine. Mashine hiyo hunakili chembe za urithi za kirusi mzunguko baada ya mzunguko mpaka zionekane. Damu iliyojaa virusi huonekana baada ya mizunguko michache. Yenye virusi vichache huhitaji mingi. Mpaka uliowekwa ulikuwa 22. Mgonjwa wa 22 au chini yake alikuwa na virusi vingi na hatari kubwa. Wa zaidi ya 22 alikuwa na tumaini. Kura ya kugawa dawa ilipigwa ndani ya kila kundi peke yake, ili dawa moja isijikute imepewa wagonjwa wepesi.

Tofauti kati ya makundi hayo ilikuwa kubwa mno. Hata kwa MAb114, wenye virusi vichache walikufa 10 kati ya 101, wenye virusi vingi walikufa 51 kati ya 73. Kama watafiti wasingegawa kwa uangalifu, tofauti ya wagonjwa ingeweza kuvaa koti la tofauti ya dawa.

Makundi madogo yana mtego mwingine, na hapa pana jambo ambalo sijaliona likizungumzwa ipasavyo. Siku ya tangazo, tarehe 12 Agosti, takwimu za awali za wenye virusi vichache zilisema waliokufa ni 6% tu kwa REGN-EB3, na 11% kwa MAb114. Vyombo vya habari viliirukia ile 6%. Takwimu kamili zilipochapishwa Novemba 2019, kundi lile lile lilisomeka hivi: REGN-EB3 11.2%, MAb114 9.9%. Mshindi na mshindwa walikuwa wamebadilishana nafasi.

Data za jumla zilizotosha kuzitenga dawa mbili nzuri na mbili dhaifu hazikutosha kuzipanga zile mbili nzuri, sembuse ndani ya kundi dogo. Kila unapoikata data vipande, kila kipande kinarudi kuwa data chache. Anayetangaza matokeo ya jumla kisha akaanza kuchambua wanawake peke yao, vijana peke yao, Katwa peke yake, atapata mshindi katika kila kipande, na washindi wengi kati ya hao watakuwa ni bahati.

Kuchungulia kuna bei

Kama kamati iliruhusiwa kusimamisha jaribio kabla ya wagonjwa 725, kwa nini mwenye vitenge asiruhusiwe kulizima tangazo siku ya pili?

Jibu liko katika hesabu iliyochapishwa mwaka 1969 na Peter Armitage na wenzake nchini Uingereza. Chukua vitu viwili vilivyo sawa kabisa, uvishindanishe, na ujiruhusu hatari ya 5% ya kuona tofauti isiyokuwapo. Ukitazama mara moja, mwishoni, hatari ni hiyo hiyo 5%. Ukitazama mara tano katikati ya safari, na kila mara uko tayari kusimama ukiona tofauti, hatari inapanda hadi takriban 14%. Ukitazama mara kumi, inafika 19%. Kila mtazamo ni tiketi nyingine ya bahati nasibu, na anayenunua tiketi nyingi hatimaye hushinda kitu ambacho hakipo. Simu inayoonyesha matokeo ya tangazo kila saa inakuuzia tiketi kila saa.

Jaribio la PALM lilichungulia, lakini lilichungulia kwa masharti. Kwanza, aliyechungulia hakuwa daktari wa Beni wala mtengenezaji wa dawa. Ilikuwa kamati huru isiyokuwa na cha kupata kwa dawa yoyote kushinda. Pili, mstari wa kuvuka ulikuwa umechorwa mapema, na kwa mtazamo wa katikati ulikuwa mkali zaidi ili kulipia bei ya kuchungulia. Tatu, kilichopimwa kilikuwa kimoja na hakikubadilika: mgonjwa amekufa au hakufa ndani ya siku 28. Tarehe 9 Agosti REGN-EB3 ilikuwa imeuvuka mstari huo, na MAb114 ilikuwa imetengana waziwazi na zile mbili dhaifu.

Hata hivyo, angalia kilichofuata. Takwimu za wagonjwa 499 zilisema vifo ni 29% kwa REGN-EB3, 34% kwa MAb114, 49% kwa ZMapp na 53% kwa remdesivir. Hesabu ya mwisho, kwa wagonjwa 673, ikawa 33.5%, 35.1%, 49.7% na 53.1%. Uamuzi ulibaki sahihi, lakini aliyeongoza ndiye aliyeporomoka zaidi. Hali hii ina sababu. Anayevuka mstari mapema mara nyingi huwa na ubora wake halisi na kipande cha bahati juu yake, na bahati hiyo haiendelei. Kwa hiyo, hata unaposimama kwa haki, tarajia ushindi upungue kidogo huko mbele. Ukipanga bajeti ya mwaka kwa kiwango cha wiki ya ushindi, utapungukiwa.

Jaribio hili lilifanyika katika mazingira ambayo yangempa mtu yeyote kisingizio cha kulegeza masharti. Kituo cha Katwa kilishambuliwa tarehe 24 Februari 2019, na cha Butembo tarehe 27. Mwezi wa Aprili daktari Richard Mouzoko aliuawa Butembo akiwa kazini. Watu wengi waliiogopa riposte, yaani timu za kupambana na Ebola, na walikuwa na maswali ya haki kuhusu waliokuja kuwafanyia majaribio. Vurugu zote hizo ziliweza kulichelewesha jaribio. Hazikubadilisha kinachohesabiwa.

Tangazo la vitenge

Turudi kwa jumbe 30 na 20. Iko njia fupi ya kupima, na kalamu inatosha. Ikiwa matangazo yote mawili yameonyeshwa kwa watu wengi sawa, kwa siku zile zile, jumlisha jumbe za pande zote mbili. Tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Kizidishe mara mbili. Tofauti ya jumbe ikiwa ndogo kuliko jibu, data hazijatosha.

Hapa jumla ni 50, kipeuo chake ni 7 na kidogo, mara mbili ni 14. Tofauti ni 10. Haijafika. Tuseme angesubiri, na uwiano ukabaki ule ule wa tatu kwa mbili. Kwa jumbe 60 na 40 jumla ni 100, kipeuo 10, mara mbili 20, na tofauti ni 20: ndiyo kwanza imegusa mstari. Kwa jumbe 90 na 60, jumla ni 150, kipeuo kidogo zaidi ya 12, mara mbili ni kama 24 na nusu, na tofauti ni 30. Sasa imevuka. Uwiano haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni wingi. Na kipimo hiki hufanywa mara moja, idadi iliyopangwa inapofika. Ukikifanya kila asubuhi, umerudi kwa Armitage.

Idadi ya kupanga hupatikanaje? Inategemea mambo mawili: jambo unalolihesabu hutokea kwa nadra kiasi gani, na tofauti ndogo kuliko zote unayoijali ni ipi. Tuseme katika kila watu 100 wanaoona tangazo, wawili hukuandikia. Ukitaka kugundua tangazo linalofikisha wanne, unahitaji watu kama 1,200 kwa kila tangazo. Ukitaka kugundua linalofikisha watatu, unahitaji kama 4,000. Ukitaka kugundua linaloongeza sehemu moja tu ya kumi, kutoka 2% hadi 2.2%, unahitaji zaidi ya 80,000 kwa kila moja. Hesabu hizi ni kwa vigezo vya kawaida: nafasi ya 80% ya kuiona tofauti iliyopo, na hatari ya 5% ya kuona isiyokuwapo.

Namba hizo zina ujumbe wa wazi kwa duka la mji mmoja. Usipoteze fedha kujaribu rangi ya maandishi au neno moja badala ya jingine. Tofauti zake ni ndogo na hutapata watu wa kuzigundua. Jaribu mambo makubwa. Bei ionekane au isionekane. Tangazo liwe la Kiswahili, la Kifaransa au la Kinande. Mteja afikishiwe mzigo nyumbani au aje dukani. Mnunuzi wa kakao huko Beni haamui gunia kwa punje moja. Hukata punje za kutosha kutoka juu, katikati na chini, kwa idadi anayoijua kabla gunia halijafunguliwa. Ukubwa wa swali ndio unaoamua ukubwa wa sampuli, na vyote viwili hupangwa kabla.

Kuna mambo mengine matatu ambayo PALM iliyatatua na matangazo mengi huyapuuza.

La kwanza ni kura. Ukiweka matangazo mawili katika kampeni moja, mtambo wa Facebook hauwagawi watu kwa nasibu. Huanza mapema kulipendelea moja, na kila tangazo hupelekwa kwa watu ambao mtambo unadhani wataitikia. Mwishoni unalinganisha matangazo mawili yaliyoonyeshwa kwa watu wa aina mbili. Ni hali ile ile ya madaktari wa kabla ya Novemba 2018: nia njema, ulinganisho mbovu. Tumia chombo cha majaribio cha mtandao wenyewe, kinachogawa watazamaji katika makundi yasiyochanganyika.

La pili ni muda wa matokeo. Watafiti walisubiri siku 28 kwa kila mgonjwa, kwa sababu aliye hai siku ya tatu si lazima awe amepona. Ujumbe wa WhatsApp si mauzo. Mteja wa leo atanunua mshahara ukitoka, au atakapotuma fedha ndugu aliye mbali. Amua unahesabu nini, jumbe au fedha iliyoingia, na uamue unasubiri siku ngapi kabla ya kufunga hesabu ya kila mteja. Walau wiki kamili ziingie, maana Jumamosi ya soko si sawa na Jumanne.

La tatu ni tukio la katikati. Mwishoni mwa Desemba 2018 intaneti ilikatwa nchi nzima kwa takriban siku 20 baada ya uchaguzi. Barabara ya Beni na Butembo hufungwa kwa mapigano, au mji husimama kwa ville morte, siku ya kufunga shughuli zote. Siku hizo zikiangukia matangazo yote mawili kwa pamoja, ulinganisho bado unasimama. Zikiliangukia moja tu, kwa sababu uliyaonyesha wiki tofauti, umepima vita, hukupima tangazo.

Mstari mkali kiasi gani?

Haifai kudai kwamba mwenye duka afuate ukali wa jaribio la dawa. Gharama ya kukosea ndiyo inayoamua. Tangazo dhaifu likichaguliwa kwa makosa, hasara ni dola chache, na mwezi ujao linaweza kubadilishwa. Mwenye duka anaweza kukubali hatari ya 10%, hata 20%, mradi awe ameikubali kabla ya kuona majibu. Akianza na 5% halafu akahamia 20% kwa sababu tangazo alilolipenda limekwama hapo, jaribio limekufa, na alilonalo ni maoni yake ya zamani yaliyovikwa takwimu.

Gharama ya kusubiri nayo ihesabiwe. Ndiyo iliyoifanya kamati ya Agosti 2019 isingoje wagonjwa 44 waliobaki. Kila mgonjwa mpya aliyepangiwa ZMapp baada ya ushahidi kukamilika angekuwa amenyimwa nafasi yake ya kuishi kwa ajili ya kulijaza daftari. Data zikishavuka mstari, kuendelea kukusanya si uangalifu tena. Katika tangazo vilevile: mstari ukivukwa kwa idadi iliyopangwa, simama, tumia mshindi, anza swali jingine.

Na kuna jibu ambalo wengi hulidharau: hakuna tofauti tunayoweza kuiona. Vifo 61 kati ya 174 kwa MAb114 na 52 kati ya 155 kwa REGN-EB3 vinatofautiana kwa pointi moja na nusu hivi, wakati bahati peke yake ingeweza kuleta pointi kumi upande wowote. Hakuna aliyetangaza mshindi kati yao. Mwaka 2020 Marekani iliziidhinisha zote mbili, na Agosti 2022 WHO ikapendekeza zote mbili. Mahali penye jibu hilo, mtu ana uhuru wa kuchagua kwa sababu nyingine: iliyopo ghalani, iliyo rahisi kutunza, iliyo nafuu. Matangazo mawili yakitoka sare baada ya idadi iliyopangwa, chukua lililo rahisi kutengeneza na usijilaumu.

Kwa hiyo, kabla hujalipia tangazo, andika mambo manne katika karatasi: ninachohesabu, tofauti ndogo ninayoijali, idadi nitakayoifikia, na siku nitakayofungua matokeo. Mpe karatasi hiyo mtu mwingine aitunze, na asiwe yule unayemlipa akutangazie. Anayelipwa kwa matangazo hafai kuwa hakimu wake, kama ambavyo mtengenezaji wa dawa hakuketi katika kamati.

Nidhamu hiyo isiishie dukani. Miji yetu huletewa matokeo kila mwezi: mbegu mpya iliyofanya vizuri katika mashamba machache, mradi uliofaulu katika shule mbili, uchunguzi wa maoni wa watu mia moja, dawa ya kienyeji iliyoponya majirani watatu. Kila mleta matokeo aulizwe mlipanga kuishia wapi kabla hamjaanza, na nani alitazama data katikati ya njia. Asiye na jibu amekuja na sababu ya kujaribu, na apewe nafasi ya kujaribu, lakini asipewe uamuzi. Watu 673 wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina, waliopona na waliokufa, waliipa dunia hukumu safi kwa sababu mstari ulichorwa kabla ya matokeo kufunguliwa. Miji iliyolipa gharama hiyo ina haki ya kudai kipimo hicho hicho kwa kila takwimu inayoletwa mlangoni kwake, na ina wajibu wa kukitumia yenyewe.